Wanataka niuze kiwanja ili niwekewe kifaa cha maumivu mgongoni

Shikamoo mama,

Nasoma safu hii kila inapotoka na leo nimeona niandike, kwa sababu nyumbani kwangu hakuna tena mtu wa kuzungumza naye jambo hili bila kuwa ameshaamua upande.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 47, naishi Tandika. Ni fundi cherehani, nina kibanda changu na mabinti wawili wanaonisaidia. Mwaka 2020 nilifanyiwa operesheni ya mgongo kwa sababu diski ilikuwa inabana mshipa wa fahamu. Madaktari walisema operesheni imeenda vizuri na picha inaonyesha hivyo, lakini mguu wa kushoto haukupona. Unawaka kutoka kwenye tako hadi kidole gumba, kama mtu kanipaka pilipili kisha akanivalisha soksi. Usiku shuka likigusa unyayo nashtuka. Kwenye cherehani nikikaa kidogo lazima niinuke, nizunguke meza, nikae tena. Wateja wa sare wamezoea kuniona nashona nimesimama upande mmoja.

Nimetumia dawa za maumivu, pregabalini na tramadoli. Zinanilaza. Kuna siku nilikata kitenge cha mama wa bwana harusi kinyume cha maua kwa sababu ya usingizi wa dawa, nikamlipa. Nimefanya mazoezi ya viungo, nimechomwa sindano za mgongoni, zikanipa nafuu ya muda tu.

Sasa daktari wangu kanieleza kuhusu kifaa. Waya nyembamba zinapitishwa karibu na uti wa mgongo, na betri ndogo inafukiwa chini ya ngozi, juu ya tako. Inatuma umeme kidogo ili maumivu yasifike kichwani yalivyo. Tumewasiliana na hospitali moja India, wamesema watanifanyia kwanza jaribio la siku kadhaa, nikipata nafuu ndipo waweke cha kudumu. Wametaka pia niende na ripoti ya mtaalamu wa saikolojia. Hapo mama niliumia. Miaka yote hii nasema mguu unaniuma, kumbe wanadhani naumwa kichwa?

Kuhusu pesa, mdogo wangu wa kiume yuko Muscat na amesema atatoa nusu. Nusu nyingine ndugu wanataka niuze kiwanja cha Chanika. Kiwanja kile nilikinunua kwa pesa ya cherehani, kidogokidogo, na matofali nimeshafyatua. Ni cha wanangu. Dada zangu wamefungua grupu la WhatsApp la mchango, kila asubuhi ni dua na maneno ya "utapona dada, utacheza kwenye harusi ya mwanao". Mume wangu yeye kanyamaza. Nikimuuliza anasema, "Anayeumwa ni wewe, amua." Mama mkwe anasema umeme mwilini si jambo la kuchezea, na anauliza nitaswalije na mashine mgongoni.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni hiki. Daktari aliniambia wazi kwamba kifaa hakimalizi maumivu, na kwamba wakipata nusu ya nafuu wanahesabu kimefaulu. Nusu! Niuze kiwanja kizima kwa nusu ya mguu? Na nikirudi bado nachechemea, nitawaangaliaje waliochanga? Naogopa itanibidi nijifanye nimepona.

Nisaidie mama, nimechoka kuwaza.

Mama Watatu, Tandika

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu. Pole sana na huo mguu, na pole na uchovu wa kuwaza, maana nao unaumiza.

Nimeirudia barua yako na naona umebeba mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni la mwili: je, kifaa hiki kinaufaa mguu wangu? La pili ni la watu: nikipokea pesa na matumaini ya ndugu, nitawalipa nini? Naona la pili ndilo linalokuelemea zaidi, na ndilo linalofanya la kwanza lisionekane vizuri. Mimi si daktari, kwa hiyo kuhusu mguu nitakueleza yale yanayojulikana kwa ujumla, na mengine utayapeleka kwa aliyekupima.

Niruhusu nianze na hilo la kujifanya. Umesema unaogopa utajifanya umepona. Nakuuliza kwa upendo: leo, asubuhi hii, grupu likiandika "utapona dada", unajibu nini? Kama unajibu "amina" na moyoni unajua daktari alisema nusu, basi mzigo unaouogopa umeshaanza kuubeba. Ndugu zako hawajakudanganya, wala wewe hukuwadanganya. Hakuna tu aliyewaambia alichokuambia daktari. Wanachangia kupona, wewe unakwenda kutafuta nafuu, na hilo linaweza kusemwa sasa kabla shilingi haijatoka. Unaweza kuandika hata hivi: "Ndugu zangu, kifaa hiki hakiponyi, kinapunguza. Na baada ya jaribio naweza kurudi bila kuwekewa. Anayenichangia anichangie akijua hivyo." Najua hatari yake. Kuna atakayepoa, na huenda mchango ukapungua. Ila atakayebaki hatakuwa na la kukudai ukirudi unachechemea.

Sasa hiyo nusu. Umeiandika kwa alama ya mshangao, na nimeelewa. Lakini tuiangalie kwa karibu, nusu ya nini? Kama nusu ni kulala usiku mzima bila shuka kukuamsha, kama ni kukaa kwenye cherehani mpaka gauni likaisha, kama ni kupunguziwa dawa ukawa na akili timamu wakati mkasi uko mkononi, je, hiyo bado ni nusu ya mguu? Kwako inaweza kuwa ndogo, inaweza kuwa kubwa. Hakuna anayeweza kukupimia, na ndiyo maana naomba uipime mwenyewe kabla hujapanda ndege. Keti uandike ni mambo gani matatu au manne ukiyapata utasema imenifaa. Siku za jaribio ujiulize hayo. Ukijiuliza "maumivu yameisha?" jibu litakuwa hapana kila siku, na utajikatisha tamaa bure.

Kifaa chenyewe si kitu cha juzi. Wanasayansi wawili, Melzack na Wall, waliandika mwaka 1965 kwamba kwenye uti wa mgongo kuna mahali panapoweza kuruhusu au kuzuia taarifa za maumivu, na mwaka 1967 daktari Norman Shealy wa Marekani akamwekea mgonjwa kifaa cha kwanza cha aina hii. Tangu hapo kimetafitiwa sana, na matokeo hayasemi kitu kimoja. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa watu 100 waliokuwa katika hali kama yako, wamefanyiwa operesheni ya mgongo na mguu bado unauma. Baada ya miezi sita, asilimia 48 ya waliopangiwa kifaa walipata nafuu ya mguu ya nusu au zaidi, na kwa walioendelea na matibabu ya kawaida ilikuwa asilimia 9. Mwaka 2022 ukatoka mwingine Norway, watu 50 walioumwa baada ya operesheni ya mgongo, kifaa kikiwashwa vipindi fulani na kuzimwa vipindi vingine bila wao kuambiwa, na tofauti ya maana haikuonekana. Utafiti huo wa Norway ulitumia aina moja tu ya mapigo ya umeme, na wataalamu bado wanabishana. Nakuambia yote mawili kwa sababu kwenye grupu utatumiwa video za waliopona tu.

Ndiyo maana lile jaribio lina thamani kubwa, na ningependa ulitazame tofauti na unavyolitazama. Umeliandika kana kwamba ni mlango wa kupitia tu kwenda kwenye operesheni. Ni swali kamili, na lina majibu mawili. Waya zinaingizwa kwa sindano, wanaangalia kwa eksirei, mara nyingi unakuwa macho au nusu macho ili uwaambie mtetemo unausikia wapi, maana ukisikika kwenye paja ilhali moto uko kwenye unyayo, haujafika unapotakiwa. Ncha za waya zinabaki nje, zimebandikwa kwa plasta, na kiboksi unakivaa kiunoni. Huogi kwa kujimwagia, huinami ovyo. Nafuu isipofika nusu, waya zinavutwa na basi, hujafukiwa kitu chochote. Tabu iko hapa: utakuwa kwenye chumba cha hoteli ugenini, mdogo wako anapiga simu kila jioni, "vipi dada, umejisikiaje?", na tiketi zimeshalipwa. Katika hali hiyo kusema "hakijanisaidia" ni kazi ngumu sana. Kwa hiyo kubalianeni kabla, wewe, mumeo na mdogo wako, kwamba kurudi bila kifaa ni jibu halali na si hasara ya mtu.

Hili linanileta kwenye kiwanja. Umeandika kana kwamba lazima kiuzwe ndipo safari ianze. Umeshauliza bei ya jaribio peke yake? Omba hospitali ikutenganishie makadirio, jaribio mbali na kifaa cha kudumu mbali, na waseme kwa maandishi ukishalipia vyote usipowekewa wanarudisha nini. Huenda nusu ya mdogo wako inatosha jaribio lote, na Chanika ikabaki na matofali yake mpaka mguu wenyewe ujibu. Njia hii nayo ina gharama zake. Inaweza kuwa safari mbili, viza na nauli mara mbili, na jaribio likifanikiwa utauza kiwanja kwa haraka, na mwenye haraka hapati bei. Wapo wanaoona heri kumaliza yote kwa safari moja. Hesabu zote mbili ziwe mezani.

Na hilo la kusema ni kiwanja cha wanao. Ni kweli. Lakini ada na chakula chao leo vinatoka kwenye mikono yako na kiti chako cha cherehani. Sisemi uuze. Nasema usijipangie mizani ambayo watoto wako upande mmoja na mguu wako upande wa pili, wakati kwa kweli mko upande mmoja.

Mtaalamu wa saikolojia asikuumize moyo. Hospitali nyingi humtaka kwa kila mgonjwa wa kifaa hiki, hawajakuchagua wewe. Maumivu ya miaka huleta kukosa usingizi, hofu na huzuni, na vyote hivyo vinagusa namna mtu anavyopona na namna anavyousikia mwili wake. Hapa Dar utampata Muhimbili na kwenye hospitali nyingine kubwa. Mweleze uliyonieleza mimi, hasa hili la kujifanya. Ni mahali pako pa kusema bila dada zako kusoma.

Mumeo sasa. Umesoma ukimya wake kama kujitoa. Inawezekana. Inawezekana pia anaogopa: akisema nenda na ukaharibikiwa, atalaumiwa, akisema usiende, ataonekana anakitaka kiwanja kuliko mke. Mwulize swali jingine, lenye kazi ndani yake. Mwulize, "Nikirudi, nani atainama kwa ajili yangu?"

Maana baada ya kuwekewa cha kudumu, kwa kawaida wiki sita hadi nane huruhusiwi kuinama, kujipinda kiuno, kunyanyua kitu kizito wala kuinua mikono juu ya kichwa. Waya zinahitaji muda zishikwe na nyama, na zikihama, mtetemo unahamia mahali pengine na huenda ukarudi kwenye meza ya operesheni. Itafsiri hiyo kwa maisha ya Tandika: ndoo ya maji huibebi, fagio la chelewa huligusi, kufua kwenye beseni hapana, kuanika juu ya kamba hapana, jora la kitambaa abebe binti. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, tafuteni kile kiti cha plastiki chenye tundu mapema. Jasho la Dar nalo si rafiki wa kidonda, mtavuka salama mkikiweka kikavu na safi kama mtakavyoelekezwa. Homa, wekundu unaoenea, usaha au kidonda kufumuka, hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu maambukizi yakikifikia kifaa mara nyingi hukitoa chote. Na miguu ikikosa nguvu ghafla au haja ikagoma au kutoka bila taarifa, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Hukutaja sukari wala dawa za kuzuia damu kuganda. Kama unazo, hata aspirini, waambie mapema.

Usipange safari iangukie Desemba na Januari, wakati wa sare, wala mwezi wa harusi kabla ya Ramadhani. Siku utakazokuwa umelala na kibanda kina foleni ndizo utakazoinuka mapema na kuinama.

Na jambo moja ambalo fundi utalielewa haraka kuliko wengine. Siku moja kabla ya safari, vaa sketi yako ya kila siku, funga kanga yako unavyofunga kazini, ukae kwenye kiti chako. Mwite binti achore kwa chaki yako ya kukatia pale mkunjo wa kiuno unapobana, na pale kiti kinapogusa ukiegemea. Betri isikae hapo. Upige picha, umwonyeshe daktari wa upasuaji kabla hajachora zake. Betri iliyokaa chini ya mkunjo wa kanga itakusugua kila siku.

Mama mkwe usimpuuze. Umeme wa kifaa ni mdogo na hauhusiani na ule wa ukutani. Kuhusu swala, mgonjwa huswali ameketi, na sheikh wenu atamtuliza kwa hilo. Kidonda kikishapona utamwuliza daktari lini unaweza kusujudu. Lakini ndani ya swali lake kuna swali zuri, nani ataitunza mashine hii? Kuna betri za kuchajiwa, zinazoweza kudumu miaka kumi na zaidi, ila unakaa na chaja kiunoni mara kwa mara. Nyingi za chaja hizo zinachajiwa kwanza kisha zinatumika bila waya, kwa hiyo umeme ukikatika jioni haukukwamishi papo hapo. Kuna zisizochajiwa, hazikupi kazi, ila baada ya miaka kadhaa zinaisha na kubadilishwa kwa operesheni ndogo. Hiyo operesheni ijayo nani atailipia, na itafanyika wapi? Na kifaa hurekebishwa, hasa miezi ya mwanzo. Nani Dar es Salaam atakurekebishia, au watafanya kwa mbali, au utapanda ndege? Jibu la swali hili ulitake kwa maandishi kabla ya malipo. Uulize pia kama aina hiyo inaruhusu kipimo cha MRI, upewe kadi ya kifaa ya kuonyesha uwanja wa ndege, na mtaalamu wa viungo asikuwekee kamwe mashine ya dayathemi, ile ya kupasha nyama joto kwa mawimbi.

Iko pia njia ya kutokwenda, angalau kwa sasa. Kupangiwa upya dawa zinazokulaza, kuonana na daktari wa pili wa mishipa ya fahamu, kwa mfano pale Taasisi ya Mifupa MOI, aitazame picha upya, kurudi kwenye mazoezi na mtu anayejua mguu wa aina yako. Hutakuwa umeshindwa ukichagua hivyo. Hatari yake unaijua kuliko mimi, miaka inapita na shuka bado linakuamsha.

Anza na mdogo wako wa Muscat. Mpigie, usiandike kwenye grupu, umwambie neno "nusu" alisikie kwa sauti yako. Kisha uombe ile bei ya jaribio peke yake, na ukishaipata niandikie tena.